Bastola ya Risasi Sita na Bakuli la Futari

Nakumbuka siku niliyonunua bastola kuliko ninavyokumbuka siku niliyooa. Neno hili, mwanangu Nassor, usilifikishe kwa mkaza mjomba wako nikaja kukosa chai ya asubuhi. Siku ya ndoa nilikuwa nna wasiwasi, sikuona vizuri kilichopita mbele yangu. Siku ya bastola nilikuwa nna kiburi, na mwenye kiburi hukumbuka kila kitu, mpaka rangi ya kitambaa kilichofungiwa.

Jana umenipigia simu. "Mjomba, wewe unazijua bastola. Nichagulie moja nzuri ya risasi sita, na unambie risasi zipi zinafaa nyumbani." Ukanieleza kuwa jirani yako hapo Qurum amevunjiwa nyumba alipokwenda Salala na familia yake kutazama mvua, wakamchukulia saa zake na dhahabu ya mkewe. Ukanihesabia walio ndani mwako: mkeo, watoto wawili, na bibi yako aliyehamia kwako tangu nyumba ya mama yako ilipomshinda kwa ngazi. Nilipokwambia ungoje nifikiri, ukanitia methali: "Mjomba, fimbo ya mbali haiui nyoka." Yakhe! Mtoto niliyembeba mgongoni leo ananipigia methali. Nilicheka, lakini usingizi ulikatika. Basi kaa kitako unisome mpaka mwisho, kwani jambo hili si la kujibiwa kwa simu huku unaendesha gari.

Kwanza nikutoe shaka. Siidharau hofu yako, wala sitokwambia kuwa mwanamume haogopi. Mimi nilikuwa na miaka tisa Unguja pale mlango wetu ulipovunjwa. Baba alisimama ukumbini na bakora mkononi, bakora ya kuendea msikitini, hana chengine. Waliomvunjia mlango walimcheka. Sitokueleza zaidi, yaliyobaki nimemwachia Mungu. Lakini kile kicheko nilikuja nacho mpaka Maskati, na nikaapa kuwa hakuna atakayevunja mlango wangu mimi akanikuta na bakora. Wazee walisema kweli, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mkuu wa walinzi wa ghala moja Mutrah, na bado kila ung'ongo ulikuwa nyoka.

Ruhusa ya silaha niliipata kihalali kwa sababu ya kazi ile. Nyuma ya soko la Mutrah, karibu na bandari, kulikuwa na duka la Mzee Khalfan, fundi wa bunduki. Leo ukipita pale utakuta wanauzwa ngamia wa vitambaa na miwani ya jua kwa watalii wanaoshuka melini. Wakati ule kulikuwa na meza moja, harufu ya mafuta ya kusafishia chuma, na mzee mwenyewe, Mmanga aliyezaliwa Tabora, na Kiswahili chake cha bara ambacho sisi vijana wa Unguja tukikiigiza nyuma ya mgongo wake. Mungu atusamehe.

Nilimwambia nataka bastola ya kulinda nyumba. Basi badala ya kunionyesha bastola, akaanza kunihoji.

"Nyumba yenu ina kuta za nini?"

"Kuta ni kuta, mzee."

"Wanalala wangapi? Na vyumba vimekaaje? Watu wenu wanaingia kwa mlango upi?"

Nikaona ananichelewesha. Nikamwambia, "Mzee, mimi nimekuja kununua bastola, sikuja kuposa!"

Wateja wawili waliokaa pale walicheka, na mimi nikajiona msemaji. Mzee Khalfan hakukasirika. Alifuta mikono yake taratibu akanijibu, "Ingekuwa umekuja kuposa nisingekuuliza mengi hivi. Mke ukimkosea atarudi kwao. Risasi hairudi."

Hata hilo lilinipita. Ushauri wake ulikuwa bastola ndogo, nzito kidogo kwa umbo lake, ya chuma kilichofifia rangi, na kifyatulio chake kigumu mpaka ulikusudie jambo ndipo kitii. Mimi jicho langu lilikuwa juu ya nyengine, ndefu ya mtutu, inang'ara kama kijiko kipya, inajaza mkono na kuumwagikia. Na kifyatulio chake kilikuwa chepesi. Ukivuta kinyundo cha nyuma, kinabaki kinangoja pumzi tu. Nikasema hii. Kwenye risasi tena, alinipa za kawaida, nikasema nataka za nguvu. Akanipa za nguvu kidogo. Nikasema nataka zile za nguvu kuliko zote, zilizovikwa shaba mpaka kichwani. Akaniambia, "Hizo ni za mnyama mkubwa porini. Wewe Wadi Kabir una mnyama gani?" Nikalipa, nikaondoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila mimi, mwanangu, guu lililovunjika halikuwa langu, na ndiyo maana linauma mpaka leo.

Tukikaa Wadi Kabir wakati huo. Nyumba za chini, zimeshikana bega kwa bega, matofali ya saruji yaliyo matupu ndani. Ukumbi wetu baba aliukata kwa plaiwudi kupata jiko, kwani kila baada ya miezi miwili hutokea jamaa mwengine kutoka Unguja na sanduku lake. Nyumba ya pili ilikuwa ya mama yangu mdogo, mdogo wake mama kwa tumbo moja. Alikuwa amefika miezi mitatu tu, mjane, na mtoto wake wa kike wa miaka sita. Jiko letu na chumba chao vilikuwa na ukuta mmoja, na uani tukifungua kilango kidogo ili wanawake waingiliane bila ya kupita barabarani. Jina la mama yangu mdogo huyo ntakwambia baadae. Usinikatize.

Alikuwa fundi wa kofia. Si kofia hizi za mashine unazovaa wewe Ijumaa, la. Kofia ya mkono, kitobo kwa kitobo, sindano nyembamba na uzi mweupe, miezi mitatu kofia moja. Kwa kazi hiyo alikusudia kusimama kwa miguu yake mwenyewe katika nchi ambayo hata kuulizia mkate alikuwa hajui. Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu. Na kofia ya kwanza aliyoitia sindano hapa Maskati alisema ni yangu mimi, niivae Idi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewapokea uwanja wa ndege.

Bastola niliiweka chini ya mto. Mama alikataa kunitandikia kitanda tangu siku hiyo. "Mimi situlii na huyo unayelala naye," alisema. Baba aliitazama mara moja, akageuza uso. Na mimi, mwanangu, nnakwambia ukweli, usingizi wangu uliharibika. Paka akiruka ukutani, nimekaa. Mtungi wa gesi ukilia uani, nimekaa. Kuna msemo kuwa kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Mimi zilinikosesha, na sikujiuliza kwa nini. Nilidhani ndiyo ulinzi.

Ikaingia Ramadhani, ya joto lile unalolijua. Wakati huo kulikuwa na wezi wa mitungi ya gesi mitaani kwetu; wanaingia uani mchana watu wamelala, wanabeba mtungi na kwenda zao. Wiki moja iliondoka mitatu. Na mimi nikatangaza kuwa mwizi atakayekuja kwetu amekuja kufa. Nililisema hilo kwa sauti, kibarazani, mbele za watu. Mtu akishajitangaza hivo, nusu ya akili yake huwa imeshapiga risasi.

Alasiri ya siku ya kumi na moja, nyumba nzima imelala. Mimi nimelala ukumbini chini ya pangaboi, na bastola chini ya mto wangu. Nikasikia kilango cha uani. Hodi hamna. Nikasikia hatua, polepole, za mtu asiyetaka kusikiwa. Nikasikia kitu kinawekwa jikoni, nyuma ya ile plaiwudi.

Sasa hapa, mwanangu, nisikilize, kwani ndipo nilipopotea. Wewe pia umelelewa na watu wetu, jibu unalo. Nani anayeingia kwa mlango wa uani, alasiri ya Ramadhani, bila ya hodi, kwa ncha za vidole? Ni mwanamke anayeleta futari. Desturi yetu tangu kwetu: saa ya kulala wafungaji hupigi hodi ya sauti ukawaamsha. Unaingia uani, unaweka bakuli lako mezani, unafunika kawa, unaondoka kimya kama ulivyokuja. Ule unyamavu ndiyo adabu yenyewe. Mimi mwenyewe utotoni Unguja nimebeba mabakuli mangapi kwenda majikoni kwa watu, nikitembea kwa ncha za vidole huku bibi ananitishia! Jambo hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Na siku ile, na bastola mkononi, sikulikumbuka. Kwa kitu kilichokuwa mkononi mwangu, masikio yangu yalisikia mwizi tu.

Niliuliza, ndiyo. Usije ukadhani sikuuliza. Nilisema, "Nani huyo?" Lakini nililisema kwa Kiarabu, tena kwa ukali, kama nilivyozoea kuwaamrisha watu ghalani. Akilini mwangu mwizi ni mtu wa nje na wa nje huulizwa kwa Kiarabu. Yeye kule ndani alisikia mwanamume anazungumza Kiarabu, akafikiri nna mgeni ukumbini. Akafanya kile ambacho mwanamke mwenye heshima zake hufanya. Alinyamaza, akachukua bakuli lake upya, atoke upande wa pili asionekane na mgeni.

Nikasikia mwendo. Kinyundo nilikuwa nimeshakivuta. Wallahi sikumbuki kuamua. Kidole kiligusa tu.

Mlio ule ndani ya nyumba ya dari fupi, Mungu asikusikilizishe. Plaiwudi ilitobolewa kama karatasi. Baadae tulifuata njia ya ile risasi hatua kwa hatua, mimi na askari wa polisi: ilipita kwenye plaiwudi, ikapasua bakuli la kauri mkononi mwake, ikaingia ukuta wa matofali matupu, ikatokea chumba cha pili, ikalala ndani ya godoro alilokuwa amelala mtoto wake. Mtoto alikuwa ameamka kitambo kidogo kwenda kunywa maji. Risasi yangu ya mnyama mkubwa ilipita kuta mbili na bakuli moja, na bado ilikuwa na nguvu ya kutafuta mtu.

Nilipoingia jikoni nilimkuta amekaa chini, ndizi za nazi zimemwagika mapajani, na mkono wake wa kulia ameushika kwa wa kushoto. Vigae vya bakuli vilikata mishipa ya vidole viwili. Alinitazama. Hakupiga kelele. Aliniambia maneno haya, na miaka yote hii sijapata kuyaondoa masikioni:

"Mwanangu, si ungeuliza kwa Kiswahili? Ningekuitika."

Basi. Hakuniongezea jengine siku ile, wala mwaka ule, wala mpaka leo.

Nililala kituoni siku tatu. Bastola walichukua, na ruhusa walichukua, na haki yao. Mama mdogo alikwenda mwenyewe na mkono wake umefungwa, na baba akimtafsiria, kuniombea. Alisema ni mtoto wake na amemsamehe. Daktari alimshona vizuri, lakini vidole vile viwili havikukunjuka tena. Sindano ya kofia inashikwa kwa vidole hivyo hivyo. Hakushona tena. Aliyetaka kusimama kwa miguu yake akaishia kupika chapati za kuuza na kulea watoto wa watu, na akamsomesha binti yake kwa mkono mmoja na nusu.

Niliumia, mwanangu. Usinione leo nnasema kwa sauti nzima. Nililia kama mtoto, faraghani na hadharani.

Nilipotoka nilikwenda kwa Mzee Khalfan. Nilikwenda na hasira, nikitafuta wa kumlaumu: kwa nini uliniuzia? Alinitazama akajua. Habari Mutrah hazihitaji redio. Akanivutia kigoda akaniambia, "Sasa kaa, unijibu yale maswali."

Nikayajibu. Kuta ni plaiwudi na matofali matupu. Tunalala saba. Watu wetu wanaingia kwa mlango wa uani, kimya. Kila jibu lilinichoma. Alipomaliza alisema, "Ungenijibu siku ile, nisingekuuzia kitu chochote. Ningekwambia nunua kufuli ya mtungi wa gesi." Nikatamani ardhi inimeze. Kufuli! Na kweli baba alinunua kufuli na mnyororo wiki ile ile, na mtungi wetu haukuibiwa hata siku moja.

Tangu siku hiyo nikawa nakwenda kukaa kwake kila Alkhamisi, miaka tisa, mpaka Mungu alipomchukua. Bastola sikuimiliki tena, lakini nilizijua kuliko wanaozimiliki. Ndiyo maana watu wa familia wanasema mimi nnazijua, na ndiyo maana umenipigia mimi. Hujakosea. Nnazijua. Basi chukua jibu lako.

Ukinunua bastola ya nyumbani, ya silinda, kama hiyo ya risasi sita uliyoitaka, ni nzuri kwa mtu asiyekuwa askari. Haina mambo mengi ya kusahau. Unaifungua unaona kwa macho yako kama ina kitu au haina. Usichague kwa mng'aro wala kwa urefu wa mtutu. Chagua inayoukaa mkono wako na wa mkeo pia, kama na yeye ataishika, na uzito wake utulize mkono. Kifyatulio kiwe kigumu. Watu watakwambia kigumu kibaya, kinapindisha shabaha. Kinapindisha, naam, ukafanye mazoezi. Ugumu ule ni nafasi ya kuvuta pumzi, na katika pumzi hiyo mimi ningekumbuka futari. Na kinyundo usikivute kabisa ndani ya nyumba.

Risasi usitafute yenye nguvu. Nguvu hapa ni ila. Tafuta nyepesi, ile iliyotobolewa kichwani, ambayo ikigonga inapanuka na kuishiwa mbio. Na hata hiyo usidanganyike: kuta za ndani za majumba yenu ya Qurum ni jasi, ukizigonga zinalia kama dafu. Hakuna risasi nitakayokuchagulia mimi ambayo itasimama kwenye jasi kwa heshima ya wanao. Kwa hivo kabla ya kufika dukani, pita nyumbani kwako chumba kwa chumba, usimame hapo unapofikiri utasimama, ujiulize nyuma ya kila ukuta amelala nani. Ukikosa upande mmoja usio na mtu wako, jibu lako umeshalipata.

Isikae chini ya mto. Iwe ndani ya sanduku la chuma, risasi sanduku jengine, ufunguo shingoni mwako. Utanambia, Mjomba, mpaka nifungue masanduku mawili mwizi ameshamaliza. Sawa. Basi na amalize. Dhahabu hununuliwa. Na huyo mwizi wa jirani yako, kumbuka, aliingia nyumba tupu. Angeikuta bastola ndani angeondoka nayo, na leo wewe ungekuwa unaogopa mwizi mwenye bastola. Sheria ya nchi hii nayo haina mzaha. Kama huna ruhusa mkononi, mazungumzo haya yamekwisha, na mimi sikukusikia.

Anza na mlango. Tia kufuli ya maana, tia taa ya uani, mjue jirani yako kwa jina na umwombe akutazamie unaposafiri. Halafu uliza. Kila unaposikia kitu, uliza, na uliza kwa Kiswahili, taja majina ya watu wako mmoja mmoja. Mwizi hatoitika. Mtu wako ataitika.

Ila hapo pana mmoja asiyeitika, Nassor, na ndiyo sababu ya barua hii.

Bibi yako ana miaka karibu themanini. Masikio yake yamekuwa mazito, ukimwita mara tatu anakusikia ya nne, tena akiwa amekutazama mdomo. Na mkeo alinihadithia, akicheka, kuwa huamka wakati wowote ule akaenda jikoni bila ya viatu, asimsumbue mtu, akakuandalia chai au akawafunikia watoto vitumbua. Unavijua vile vidole vyake viwili vya mkono wa kulia, vilivyokunjika? Umevishika tangu mdogo. Uliambiwa kuwa vilibanwa na mlango wa gari. Hakuna gari lililombana. Alituapisha sote, mpaka baba, kuwa asije mtoto wa ukoo huu akanitazama vibaya kwa ajili yake. Amenisitiri zaidi ya miaka arubaini. Leo nnajifunua mwenyewe, kwa kuwa sitiri yake ikiendelea itamuua.

Mama yangu mdogo ndiye bibi yako Zuwena. Na mtoto aliyeinuka kwenye godoro kwenda kunywa maji ndiye mama yako.

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja kinyume. Mimi yangu yalikuja na mjukuu kweli, akaniomba nimchagulie bastola.

Basi nnakuchagulia. Kama utataka bado, baada ya haya yote, na ruhusa unayo, ntakwenda na wewe dukani kwa miguu yangu hii mibovu, na ntakuuliza yale maswali ya Mzee Khalfan mbele ya muuzaji. Jibu langu, kwa nyumba ambayo ndani yake yupo Bibi Zuwena anayetembea kimya na asiyesikia, ni kufuli. Nnalisema hili bila ya shaka yoyote, na ukiniita mzee mwoga nitaitika. Uoga huu nimeulipia, tena kwa mkono wa mtu mwengine.

Ile kofia aliyonianzia ninayo kabatini. Duara la juu limekamilika, ubavu umefika nusu, na sindano bado imekwama pale alipoichomeka kwenda kupakua futari. Ijumaa ukija nitakuonyesha. Usinunue kitu kabla ya Ijumaa.

Mwanangu, Mungu akulindie mlango wako, akupe usingizi wa mtu asiye na hatia. Akupe jirani mwema na mkono mzito wa kudhuru, mwepesi wa kupokea. Wanao wakue ndani ya kuta ambazo hazijatobolewa. Na leo ukirudi nyumbani, bibi yako akija kutoka jikoni na bakuli lake, inuka ulipokee kwa mikono miwili, kwani kwake lina uzito.